Utepe wa Baba na Mchele wa Igawa

Kipande cha utepe wa baba kiko mezani kwangu. Kimeviringishwa kikawa pete ndogo, kikavishwa waya wa shaba mpaka chuma chenyewe hakionekani. Mgeni akiingia ofisini kwangu pale chuoni Mbeya hudhani ni kipuri cha redio mbovu. Safari moja mfanya usafi alikitupa kwenye ndoo ya taka, nikamfokea mpaka nikajionea aibu. Siku hizi nikitoka nakifungia kwenye droo.

Nafundisha fizikia. Utafiti wangu, ambao wenzangu wa idara nyingine huutania kwamba ni wa kubana vyuma, unahusu mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao hautanuki kwa joto. Chuma cha kawaida kikipata jua kinarefuka, kikipata baridi kinarudi, ndiyo maana bati la nyumba linalia lenyewe jua likizama. Mchanganyiko huu haufanyi hivyo. Uweke juani Usangu saa saba mchana, uuweke kwenye umande wa Uporoto alfajiri, urefu wake ni uleule, au tofauti yake ni ndogo kiasi cha kutomsumbua mtu. Kwa sababu hiyo wapima ardhi wa zamani walitengenezewa tepe zao kwa madini hayo, wakapimia ile mistari mirefu ambayo ramani nzima inaiegemea.

Baba alikuwa mmoja wa wapima hao. Ujana wake aliumaliza porini, na alichorudi nacho ni mgongo mbovu na kipande cha utepe. Tepe hizo zilikuwa dhaifu kuliko mtu anavyodhani. Ukiukunja mara moja, hautakuwa wa kuaminika tena. Mmoja ulipata kunjo, ukakataliwa kazini, na baba akaruhusiwa kubaki na kipande chake. Nyumbani Ipogolo, kule Iringa, alikizungushia kwenye gurudumu la mbao, akawa anakipaka mafuta ya cherehani kila masika, maana nacho hushika kutu. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Mama alikuwa akisema huyo ni mke mwenzie, na kwamba yeye hajawahi kupakwa mafuta kwa utaratibu ule.

Baba naye alikuwa hivyohivyo, joto na baridi kwake ni mamoja. Nilimwona siku upepo ulipoezua paa letu, nikamwona siku ya harusi yangu, na sura ilikuwa moja. Nilipokuwa msichana jambo hilo lilinikera sana. Nilitaka baba wa kugomba, wa kucheka, wa kulia kanisani kama baba za wenzangu. Mtaa ulimwona tofauti. Mtaa ulimwona mtu wa kufaa, ukampa kazi.

Kwetu mtu wa mbali hapewi habari ya kifo kwenye simu. Unamwambia mgonjwa amezidiwa, njoo nyumbani. Akiuliza sana unamwambia bado anapumua, wewe njoo tu. Ukweli ataukuta mwenyewe, kati ya ndugu, mahali ambapo akianguka kuna wa kumdaka. Ni utaratibu wa huruma, na wala siupingi. Lakini si kila mtu anaweza kuyasema maneno hayo. Wengi sauti huwakatika, aliye upande wa pili akajua, akaanguka kazini au barabarani. Baba sauti haikumkatika hata mara moja. Kabla ya simu za mkononi alikuwa akipanda basi kumfuata mtu Makambako au Mbeya, akarudi naye siti moja, njia nzima wakizungumza habari za mahindi. Simu zilipokuja, majirani walileta zao sebuleni kwetu wakamkabidhi. Alikuwa akisimama, anakohoa kidogo, anasema, "Mgonjwa amezidiwa. Njoo nyumbani." Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa mdogo, mara nyingine tukiwa mezani tunakula, na kila mara tulijua kwamba kuna mtu ameshakufa.

Mama alianza kuvimba miguu, halafu akawa hawezi kulala bila mito mitatu mgongoni. Daktari wa Iringa akasema moyo umetanuka. Baba akauliza umetanuka kwa kiasi gani, kana kwamba angeweza kwenda kuupima. Dawa zilimsaidia kwa muda mrefu, akarudi kwenye kwaya yake ya Kilutheri, akaimba amekaa. Tukazoea. Ugonjwa wa muda mrefu una ubaya huo, unauzoea kama mtoto anayekohoa.

Macho ya baba ndiyo yaliyomtenganisha na mama. Alikuwa na mtoto wa jicho, na mimi nilimpatia daktari Mbeya. Baba hakutaka kuondoka. Mama alimlazimisha, akasema amechoka kuwa mke wa mtu anayemsalimia mbuzi akidhani ni mzee wa kanisa. Mdogo wake mama, tunayemwita mama mdogo, alihamia Ipogolo kumwangalia dada yake. Baba akaja kwangu na begi dogo, na ndani ya begi, ukiwa umefungwa kwenye kanga kuukuu ya mama, ulikuwamo ule utepe.

Nilikuwa nimeuomba kwa miaka. Nilihitaji chuma cha aina ile, chembamba, chenye asili inayojulikana, na kuagiza nje ni kuandika maombi mpaka unazeeka. Baba alikuwa akikataa kwa kunyamaza. Safari hii aliuweka mezani akasema mama yako ameniambia nikupe, mimi sina la kusema.

Walipomfungua bandeji ya jicho nilimpeleka maabara. Tulikuwa na silinda nene ya shaba ngumu isiyovutwa na sumaku, na presi tuliyoazima gereji ya malori Mbalizi, ile ya kusukumia bushi. Fundi wa gereji alipoona tunachotaka kubana ni pete ndogo kuliko ya kidoleni, aliwaita wenzake waje wamwone profesa. Mimi si profesa, lakini sikumsahihisha.

Nilikata kipande kwa mkasi. Baba aligeuka akatazama dirishani mpaka mlio ulipokwisha. Kisha nikamwonyesha. Pete inavishwa waya mara mbili. Waya mmoja unapitishiwa umeme, wa pili unatuambia chuma kina usumaku kiasi gani. Inatumbukizwa kwenye silinda ndani ya mafuta, silinda inafungwa, presi inashuka. Tukiipasha moto bila kuibana, usumaku wake unadumu hadi joto linalozidi la mafuta ya kukaangia maandazi. Tukiibana kwanza, unakufa mapema zaidi. Kadiri tunavyobana ndivyo unavyowahi kufa. Na penye mgandamizo mkubwa kuliko tunaouweza sisi, wenzetu wa maabara kubwa za nje wameona usumaku ukitoweka hata bila moto, na chuma kile mashuhuri kwa kutotanuka kikaanza kutanuka kama nondo yoyote ya dukani.

Baba alitazama namba zikishuka kwenye kioo cha mita. Alikuwa ameinama, jicho jipya limekaribia kugusa.

"Na ukilegeza?" akauliza.

Nikamwambia usumaku unarudi.

"Wote?"

Nikasema wote. Akaitikia kwa kichwa, na nilijisikia vizuri kupita kiasi kwa mwanamke wa umri wangu. Jioni ile alimpigia mama simu, akamweleza kwamba ule utepe haujateswa. Mama akacheka, kikohozi kikamkatiza, akasema atalala mapema.

Asubuhi yake tulikuwa tunakunywa chai mjomba akapiga. Huyu ni kaka yake mama, si mtu wa maneno mengi. Alinisalimia, akauliza mzee ameamkaje na jicho. Kisha akasema mama yenu amezidiwa, mje na mzee, mje leo. Nikaiweka simu mezani. Baba akaniuliza mjomba amesemaje, nirudie kama alivyosema. Nikarudia. Alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini bila kelele.

"Basi," akasema. "Mama yako ametutoka."

Sauti ilikuwa ileile ya sebuleni. Nililia nimekaa sakafuni jikoni, na katikati ya kilio nilimchukia kwa sauti ile. Halafu nikampigia simu mama mdogo. Aliongea haraka, kwa chini, kama mtu aliye kwenye chumba chenye watu. Akasema yupo, anapumua, nyie njooni tu. Nikamgeukia baba nikamwambia kwamba mama mdogo anasema yupo.

"Hayo nimeyasema mwenyewe," baba akanijibu. "Nimewaambia watu wangapi kwamba bado anapumua. Oga, mwanangu. Vaa nguo nyeusi. Na kwenye barabara ile hatukimbizi gari, isije ikafanya misiba miwili."

Nani angembishia? Kama kuna mtu mmoja nchi hii aliyejua maana ya maneno yale, ni yeye. Nikaoga. Nikatafuta nguo nyeusi, nikaomba ruhusa kazini, nikapita kwa jirani kumwachia funguo, naye akaanza kulia nikabaki kumbembeleza mimi. Jua lilikuwa limepanda sana tulipoipita Uyole. Niliendesha taratibu, nyuma ya malori ya Tunduma, na kila nilipotaka kulipita moja baba aliinua mkono kidogo kunizuia. Tulikuwa tunaenda kwenye jambo lililokwisha. Haraka ya nini?

Tulipofika Igawa baba akasema tusimame. Mtu hafiki kwenye msiba wa mke wake mikono mitupu, alisema, na watu watakaokuja kuzika wanahitaji kula. Hapo barabarani wanauza mchele wa Mbarali, na baba alikuwa na mwiko wake kuhusu mchele. Hakununua gunia la kwanza. Alichukua punje akaziinua mwangani kwa jicho lile jipya, akatafuna, akatema, akahamia kwa muuzaji mwingine. Akamwomba muuzaji wa tatu, mwanamke, apepete mbele yake. Aliuliza kama ni wa msimu huu. Mama yako hakuwa akipenda mchele wenye mawe, akaniambia, na nikamwona anaupangusa ungaunga wa pumba kwenye vidole vyake kwa uangalifu mkubwa. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kulia. Nilisimama kando ya gari natamani amalize.

Mjomba akapiga tena. Baba ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akasema tuko Igawa, tunanunua vitu vidogo. Nikamuuliza mjomba anasemaje. Anasema tufanye haraka, baba akajibu, na akaongeza kwamba hata yeye huwa anawaambia watu hivyo, kwa sababu waombolezaji wanataka kupanga siku ya maziko. Tukanywa chai kwenye kibanda. Alinilazimisha nile chapati. Akalipanga gunia kwenye buti, akarudi kulipanga upya.

Kutoka hapo alianza kuongea, yeye ambaye haongei. Kupanda kwenda Makambako ukungu ulitufunika, nikawasha taa, naye akanisimulia jinsi walivyokutana. Mstari wa upimaji ulipita katikati ya shamba la ulezi la bibi yangu, na wakubwa wake walitaka mimea ifyekwe. Msichana mmoja akaja akakaa juu ya mstari. Aliwaambia wampime na yeye. Baba alikuwa ameshika ncha ya utepe, akabaki ameushika mpaka jioni, msichana amekaa, wakubwa wanapiga kelele. Mwishowe mstari ulisogezwa. Alikuwa mkaidi, baba akasema. Alikuwa na sauti nzuri. Alikuwa akinicheka. Tulifika Mafinga, tukazipita mbao zilizopangwa kando ya barabara, na bado alikuwa anasema alikuwa, alikuwa. Tulimzika kwa maneno tangu Igawa mpaka Mafinga, na mama yuko hai.

Tuliingia Ipogolo jua linaelekea kuzama. Niliikata kona ya nyumbani polepole, nikijiandaa kuona watu. Hapakuwa na watu. Hapakuwa na turubai, wala mabenchi ya kanisa, wala wanaume wamekaa nje kuzunguka moto. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, zikiwemo za mama. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, nikayaona makochi yako palepale ndani. Kwenye msiba makochi ndiyo ya kwanza kutolewa, ili kinamama watandike mikeka.

Furaha niliyoipata hapo sitaki kuikumbuka. Nilimgeukia baba, nadhani nilikuwa nacheka, nikasema baba, makochi yapo. Alikuwa ameshaona. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari kabla sijasimama, na ule mgongo mbovu, na akatembea kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitembea, mikono imetangulia mbele. Akagonga bega kwenye mwimo wa mlango akaingia.

Nilipoingia mimi, mama mdogo alikuwa amesimama kwenye korido na beseni la maji mikononi. Alitutazama kama watu waliomtokea ghafla. Mlango wa chumba nyuma yake ulikuwa umerudishiwa, na ndani alikuwamo mjomba, anamfunga mama kidevu kwa kitambaa. Hata majirani walikuwa hawajaambiwa. Maji ya beseni yalikuwa bado yanatoa mvuke.

Baba akaingia chumbani akafunga mlango. Mimi nikamshika mama mdogo mikono, maji yakatumwagikia miguuni. Akaniambia mama aliamka vibaya tangu alfajiri, pumzi inakatika, lakini akili zake zote zipo. Alikataa kupelekwa hospitali kabla baba hajafika. Alisema akimwona mumewe ndipo aende anakokwenda. Walimketisha kwenye mito aione njia kupitia dirishani. Kila baada ya muda aliuliza wamefika wapi.

"Tukamwambia wako Igawa," mama mdogo akasema. "Akaitazama njia. Halafu akasema, baba yao ananunua mchele wa msiba wangu. Dada yangu akacheka, akacheka kabisa. Akasema mwambieni aangalie mawe."

Sijui nilikaa wapi. Najua nilikuwa nimekaa chini wakati kilio cha kwanza kilipotoka nje na mtaa ukaanza kujaa. Wanaume waliyabeba makochi wakayapitisha juu ya miguu yangu. Turubai lilikuja kesho yake.

Mchele ulipikwa. Watu wa Iringa na wageni waliotoka Njombe waliusifu, wakasema haukuwa na jiwe hata moja. Baba alikaa kwenye benchi la kwanza, akapokea pole, akamjibu kila mtu, akawauliza habari za safari zao. Walisema mzee amejikaza. Mimi nilikuwa naangalia sahani yake. Kila siku ya matanga aliwekewa wali, na kila siku aliisukuma kwa mtu wa pembeni akaomba ugali. Hakuna aliyeona isipokuwa mama mdogo na mimi.

Hatukuzungumza habari ya Igawa. Mjomba alijaribu mara moja. Alisema angejua, angesema wazi. Lakini angesema wazi vipi? Angesema yuko hai, baba angeitikia, na tungenunua mchele. Maneno yote ya kuelezea mtu aliye hai tulikuwa tumeshawapa waliokufa, kwa miaka mingi, kwa nia njema, na mtu aliyeyagawa kwa wingi kuliko wote ni yeye aliyekuja kuyahitaji.

Nilirudi Mbeya kazini. Pete ilikuwa bado ndani ya silinda, tumeiacha imebanwa, kwa sababu asubuhi ya simu ile sikuwa na akili ya kupita kulegeza presi. Niliwasha mita. Namba zilikuwa pale chini tulipoziacha. Nikazungusha vali polepole, mafuta yakarudi, namba zikapanda, zikapanda mpaka mahali pake pa mwanzo kabisa. Usumaku wote ulirudi, kama nilivyomwambia baba. Nilizima mashine nikalia kwenye koti la maabara. Vijana wangu wa shahada walitoka nje kwa adabu, na baadaye mmoja aliniuliza kama jaribio limeshindikana. Nikamwambia limefaulu.

Baada ya mavuno baba alikuja kwa ajili ya jicho la pili. Alikuwa amepungua, shati linamwelea. Aliomba mwenyewe kwenda maabara. Akakaa kwenye stuli, akaiomba pete, akaigeuza kiganjani muda mrefu. Halafu akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote niliyokisomea chuma kile: kwa nini hakitanuki. Alisema yeye aliambiwa tu kwamba ni chuma kisichosikia joto, akaamini.

Nikamweleza kwa njia rahisi niliyoweza. Nikamwambia atomi za chuma kile zikiwa na usumaku huhitaji nafasi kubwa, husukumana. Joto likija, kama chuma kingine chochote, nacho kinataka kutanuka. Lakini joto hilohilo linaula usumaku wa ndani kidogokidogo, na kila usumaku unapopungua atomi zinasogeleana. Kinachoongezeka huku kinapungua kule. Ukipima kwa nje unaona urefu uleule.

"Kwa hiyo kinasikia," akasema.

"Kinasikia sana, baba. Ila kinapungua kwa ndani."

Aliirudisha pete mezani. Akasema mama yangu alikuwa akimwambia hivyo, kwamba yeye anasikia sana, na yeye alikuwa akimkatalia. Kisha akasema tena, akitazama presi, kwamba alimkuta bado ana joto. Alimshika mkono, ulikuwa na joto kabisa, kama mtu aliyelala. Nisingeendelea kutafuta mpaka lile gunia la tatu, akasema. Lile la kwanza halikuwa na ubaya. Nikamsogezea chai.

Nilimrudisha Iringa mwenyewe. Igawa hatukusimama. Alitazama upande wa pili, kule kwenye mashamba, mpaka tulipopita.

Nilikuwa bado Ipogolo wakati jirani yetu wa nyuma alipozidiwa, mwanamke mzee, aliyekuwa akiimba na mama kwenye kwaya. Binti yake anafanya kazi Mbalizi. Watoto wa kiume wa yule mama walikuja sebuleni kama watu walivyokuja siku zote, wakavua kofia, wakampa baba simu. Alisimama. Akakohoa. Nikangojea maneno yale. Badala yake aliwauliza kama mama yao anaweza kuongea. Wakasema kwa shida, ndiyo. Akachukua fimbo yake akasema twendeni kwake.

Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa kinamama. Baba akasimama kando ya kitanda, simu ikaita, binti akapokea.

"Mama yako yuko hai," baba akasema. "Ni mimi. Nakwambia yuko hai. Panda gari sasa hivi, usisimame mahali kununua kitu chochote." Halafu sauti ile, ambayo mtaa mzima uliitegemea, ikakatika. Alijaribu tena kusema yuko hai, ikatoka pumzi tupu.

Tukasikia kilio kutoka upande wa pili. Binti alimfahamu mzee tangu utoto, alijua sauti yake huwaje, na sasa aliisikia inavunjika. Kwake hiyo ilikuwa habari tosha. Alilia mpaka simu ikawa inakwaruza. Baba akainama, mgongo ukimuuma namwona, akaiweka simu kwenye midomo ya mgonjwa.

"Mwambie mwenyewe," akamnong'oneza.

Yule mama akavuta pumzi mara kadhaa. Alifumbua macho akamtazama baba, akatazama simu, kana kwamba anatafuta la maana la kusema.

"Mwanangu," akasema. "Umekula?"

Kule Mbalizi kilio kikakoma ghafla. Baba alikuwa analia mbele za watu, machozi yanamdondokea kwenye shuka la mgonjwa, lakini hakuiondoa simu mpaka walipomaliza kuongea.